Dohani moja, moshi wa aina mbili

"Injinia, ukinilazimisha kununua mtambo huo wa kuosha moshi, hawa vijana utawalisha wewe." Meneja wa kiwanda kimoja aliniambia hivyo tukiwa chini ya dohani yake. Kazi yangu ni kupima kinachotoka kwenye dohani hizo, na najua hofu yake ni ya kweli. Ila kabla ya kuzungumza bei, lazima tujue ni moshi gani.

Tulipanda juu, tukaingiza mrija wa kupimia. Karatasi ya kichujio iliingia nyeupe pee, ikatoka nyeusi tititi. Masizi hayo ni mafuta aliyoyalipia na hayakuungua: pua ya kichomeo ilikuwa imeziba na hewa haitoshi. Fundi wa boila akaisafisha, akaongeza hewa kidogo kidogo huku nikimsomea kipimo cha oksijeni. Hewa ikizidi mno nayo hupoteza joto, kwa hiyo tulikwenda polepole. Kufikia alasiri moshi ulikuwa mwepesi kiasi cha kuuona mnazi ulio nyuma yake. Masizi pia huganda kwenye mabomba ya boila na kuzuia joto lisifike kwenye maji, hivyo mafuta zaidi huchomwa kwa mvuke uleule. Kwa moshi wa namna hii sioni kwa nini mwenye kiwanda apewe hata miezi sita ya kujiandaa.

Salfa ni habari nyingine. Imo ndani ya mafuta mazito yenyewe. Hata ukichoma vizuri namna gani, itatoka. Kuipunguza kunataka mafuta safi zaidi, ambayo ni ghali, au mtambo wa kuosha moshi kwa maji ya chokaa. Hapa meneja ana haki ya kuomba muda.

Marekani walilikabili jambo hili mwaka 1990, walipoirekebisha Sheria ya Hewa Safi. Waliweka kikomo cha salfa kwa mitambo ya umeme kwa jumla, kisha wakagawa vibali vya kutoa salfa, vinavyouzika. Utekelezaji ulianza 1995. Wengine walihamia makaa ya mawe ya jimbo la Wyoming yenye salfa kidogo, wengine wakafunga mitambo ya kuosha moshi, wengine wakanunua vibali. Salfa ilishuka, na gharama ikawa ndogo kuliko ilivyotabiriwa. Lakini dohani zile zilifungwa vipimo vinavyosoma usiku na mchana. Mimi huja kwa miadi, na kiwanda kinaijua siku yangu. Ndiyo maana nasema: wapewe muda wa salfa, wenye tarehe isiyosogezwa, ila vipimo vifungwe kwanza.

Lakini risasi, ile metali ya kwenye betri, siipatanishi na gharama yoyote. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi ukuta kwa ukuta na nyumba za watu kuanzia 2007. Risasi iliingia kwenye damu ya watoto, na kwa ubongo wa mtoto hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Kiwanda kilifungwa 2014. Julai 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na taasisi za serikali zilizopaswa kukisimamia kiwanda zikabebeshwa sehemu ya deni hilo. Kesi ilipanda ngazi hadi Mahakama ya Juu, iliyoamua Desemba 2024, miaka kumi baada ya dohani ile kupoa.