Masharti ya Mkopo wa IMF Hufanyaje Kazi? Mfano wa Poland, 1990–1994

Maswali kuhusu mikopo yenye masharti yameongezeka, na mengi yanatokana na dhana moja potofu: kwamba IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa) hutoa fedha kisha huchukua viwanda. Sivyo.

Masharti hujadiliwa na pande zote mbili, lakini huandikwa kwenye Barua ya Kusudio ya nchi inayokopa, ambayo kwa kawaida husainiwa na Waziri wa Fedha na Gavana wa Benki Kuu. Ikishapitishwa na Bodi ya Utendaji ya IMF, fedha hutoka kwa awamu. Kabla ya kila awamu hukaguliwa vigezo, kwa mfano ukomo wa mikopo ya benki kwa serikali na kiwango cha chini cha akiba ya fedha za kigeni. Kigezo kimoja kikikosekana, awamu inayofuata husimama mpaka Bodi itoe msamaha au mpango ujadiliwe upya.

Mpango wa mageuzi ya uchumi wa Waziri wa Fedha wa Poland, Leszek Balcerowicz, ulianza tarehe 1 Januari 1990, na mkopo wa IMF ukapitishwa Februari. Bei nyingi ziliachiwa, na zloti, sarafu ya Poland, ikafungwa kwenye 9,500 kwa dola. Mwezi wa Januari bei zilipanda kwa takriban 80%.

Wanaosema kila kitu kiliachiwa soko wanasahau mishahara. Kulikuwa na kodi ya nyongeza ya mishahara iliyozidi kiwango, ambayo Wapolandi waliiita popiwek. Mgawo, yaani sehemu ya mfumuko wa bei iliyoruhusiwa kuongezwa kwenye mishahara bila kodi, ulikuwa 0.3 mwezi wa Januari: 80 mara 0.3, sawa na 24%. Kiwanda cha umma chenye fungu la mishahara la zloti milioni 100 kingeruhusiwa kufika milioni 124, ilhali bidhaa za milioni 100 sasa ziliuzwa milioni 180. Kila zloti iliyozidi ilitozwa kodi ya 200% hadi 500%. Februari mgawo ukashuka hadi 0.2. Mfanyakazi ndiye aliyebeba mzigo huo, na hilo lazima lisemwe wazi.

Mwaka 1991 biashara na Wasovieti iliporomoka, faida za viwanda zikayeyuka na kodi yake pia. Nakisi ya bajeti ikavuka ukomo, na mpango mpya wa IMF wa miaka mitatu uliopitishwa Aprili ukasimama. Adhabu haikuishia kwenye awamu za IMF. Klabu ya Paris, kundi la serikali zinazodai madeni, ilikuwa imekubali kupunguza deni la Poland kwa nusu: 30% kwanza, na 20% iliyobaki kwa sharti la kutimiza mpango wa IMF. Sehemu hiyo ya pili ilipatikana mwaka 1994, baada ya mkopo mwingine wa 1993.