Hamira matumboni mwa wadudu: dhana potofu na ukweli

"Hamira ni ile ya pakiti." Ile inayoumua mandazi ni spishi moja tu, Saccharomyces cerevisiae, kati ya zaidi ya elfu moja za kuvu hawa wa seli moja zilizokwisha kupewa majina.

"Karibu zote zimeshajulikana." Hii ndiyo dhana yenye madhara zaidi, maana inawafanya watu waache kutafuta. Mwaka 2005 watafiti Sung-Oui Suh, Meredith Blackwell na wenzao walichapisha matokeo ya miaka mitatu ya kupasua mbawakawa, hasa wale wala uyoga, wa kusini-mashariki mwa Marekani na Panama. Kazi yenyewe inataka mkono mtulivu: mdudu ananyimwa chakula siku moja hadi tatu ili vijidudu vya kupita njia vimtoke, anaoshwa kwa spiriti, kisha utumbo unachomolewa na kupakwa kwenye sahani ya kuoteshea. Walipata sampuli za hamira zaidi ya 650. Vinasaba vilipolinganishwa, spishi zisizopungua 200 zilikuwa hazijawahi kuelezwa na mtu, idadi iliyokaribia asilimia 30 ya spishi zote zilizojulikana wakati ule. Na huko ni kwa mbawakawa peke yao, pande mbili tu za dunia!

"Zimeingia tumboni na chakula, basi." Baadhi, ndiyo. Lakini mbawakawa weusi wa jamii ya Passalidae, wakaao ndani ya magogo yaliyooza, wana hamira zinazochachusha zailosi, sukari ya mbao inayoishinda hamira ya mkate. Naye Lasioderma serricorne, yule mdudu mdogo wa kahawia anayetoboa tumbaku ghalani, ana vifuko maalumu utumboni vya kufugia Symbiotaphrina, kuvu anayeishi kama hamira ingawa ukoo wao ni mbali. Jike hulipaka yai kuvu huyo anapolitaga. Buu akianguliwa hula ganda, na kwa tonge hilo la kwanza anapata urithi wa mama yake. Mayai yakisafishwa kabla, buu hudumaa asipoongezewa vitamini B.

"Hamira ya mvinyo huzaliwa kwenye zabibu." Zabibu nzima isiyopasuka huwa nayo kidogo sana. Mwaka 2012 watafiti wa Italia walionyesha kwamba S. cerevisiae, ile ile ya mandazi ambayo pia huchachusha mvinyo, hupita majira ya baridi tumboni mwa malkia wa nyigu, ambaye baadaye huwarithisha mabuu wake anapowalisha.