Shoka la kambini: la kununua ni lipi, na linakuruhusu nini msituni

Kila likizo za katikati ya mwaka zikikaribia, malalamiko yanayotufikia yanageuka kuwa habari za mashoka. Mtu amepanda Amani au Magamba, hifadhi za misitu ya milima ya Usambara mkoani Tanga, na hema lake, amelipa ada zote, halafu askari wa misitu anamkuta juu ya gogo na shoka mkononi, na safari inaharibika. Mwingine analalamikia duka: shoka jipya kabisa, kichwa kimechomoka pigo la tatu na kupita karibu na mtoto. Ukiyafuatilia malalamiko yote mawili, unakuta mtu alinunua shoka la kuangushia mti, wakati kazi pekee iliyo halali kwake kambini ni kupasua kuni kavu alizokuja nazo. Tukielewana hapo, kuchagua hakutatusumbua.

Wapo wanaouliza kwa nini panga lisitoshe. Ukanda wa pwani linatosha. Ukipiga hema karibu na Pangani, vifuu na makumbi ya nazi vinawasha moto mzuri, na tawi la mvinje unalifupisha kwa panga bila taabu. Usambara ni habari nyingine. Kule juu ukungu na mvua havikai mbali, na gogo lililolala nje siku mbili huwa limelowa ganda na sehemu ya nje yote. Ukavu uko moyoni. Kuufikia lazima gogo lipasuliwe, na panga ni jembamba mno kwa kazi hiyo: linazama, linanasa, unaanza kulitingisha. Shoka lina mashavu manene nyuma ya makali, na ni hayo mashavu yanayosukuma mti huku na huku mpaka uachane. Kwa hiyo dukani usianze na makali. Litazame shoka kwa juu uone jinsi linavyonenepa kuelekea kwenye tundu la mpini. Likiwa jembamba moja kwa moja, hilo ni la kukata, si la kupasua.

Ukubwa wake uko wa aina tatu. Kishoka cha mkono kina kichwa cha gramu 500 hadi 700 na mpini wa sentimita 30 hadi 40. Shoka la kambi lina kichwa cha karibu kilo 1 na mpini wa sentimita 50 hadi 60. La tatu, lenye kilo moja na nusu kwenda juu na mpini wa sentimita 80 au 90, ni la wakataji miti wenye vibali, liache dukani. Mashoka mengi ya kiwandani yamegongwa uzito kwenye shavu, kwa hiyo hakuna haja ya kukisia.

Anayetembea kwa miguu na begi mgongoni achukue kishoka. Familia inayokuja na gari, ushauri wangu ni shoka la kambi, na sababu ni miguu yao. Shoka la mpini mrefu ukikosa gogo, linaishia ardhini mbele yako. La mpini mfupi halifiki ardhini. Linaendelea kuzunguka kuja kwenye goti lako. Watu huamini kidogo ndicho salama, wakamkabidhi kijana wa miaka kumi na mbili. Kishoka kinatumiwa ukiwa umepiga magoti, gogo likiwa juu ya kipande kingine cha mti, ili kikikosea kizame kwenye mti au udongoni. Na vipande vidogo usivishike kwa mkono mmoja huku unapiga kwa mwingine. Gusisha makali kwenye kichwa cha ukuni, vinyanyue vyote viwili pamoja, uvishushe pamoja. Vitaachana vyenyewe.

Sasa mpini, maana hapo ndipo pesa nyingi zinapotea. Geuza shoka utazame kitako cha mpini. Utaona mistari ya mti. Mistari hiyo ilale upande uleule unaoelekea makali. Ikikatiza kwa upana, mpini utapasuka, hata kama mti wenyewe ni mzuri. Mpini uliopakwa rangi nzito nauacha, kwa kuwa rangi inaficha mistari, vifundo na nyufa. Kwa miti yetu, mkole ni hodari kwa mipini kwa sababu unanepa bila kuvunjika. Msaji, ambao wengi wanauona kwenye shamba la misaji la Longuza pale Muheza wakadhani unafaa kwa kila kitu, ni mti bora wa milango na samani, lakini haupendi mishtuko. Mipini ya bomba iliyochomelewa haivunjiki upesi, ila kila pigo linaishia kwenye kiwiko chako, na kiungo cha kuchomelea ndicho kitakachoachia.

Juu ya kichwa tafuta kabari, kile kipande kilichogongwa ndani ya mpini ili uubane tundu. Mpini uonekane umejaza tundu lote, kabari imezama, na pasiwe na mwanya wa kupitisha hata ukucha. Shika kichwa, tingisha. Kikicheza dukani, msituni kitaruka.

Hapa niseme jambo kwa ukali kidogo, kwa kuwa tumelieleza mara nyingi na bado linaendelea. Kuloweka shoka kwenye ndoo usiku kucha ili kichwa kikaze SI matengenezo. Mti unavimba, nyuzi zake zinajibana kwenye chuma na kupondeka, na jua likiukausha unasinyaa kuliko ulivyokuwa mwanzo. Asubuhi unaona limekaza, mchana linalegea ukiwa katikati ya pigo. Dawa yake ni kugonga kabari mpya, au kubadilisha mpini. Hakuna njia ya mkato.

Shoka la mhunzi lisidharauliwe. Mengi hufuliwa kwa springi za magari, chuma kizuri kinachoshika makali. Lile la kienyeji halina tundu. Mkia wa chuma ndio unaopenya kichwa kinene cha mpini, na kila pigo linauzamisha zaidi. Mpini ukivunjika unachonga mwingine. Upungufu wake ni kwamba ubapa mara nyingi ni mwembamba, linakata vizuri kuliko linavyopasua, na mpini ukiwa mkavu sana mkia unaweza kulegea kurudi nyuma. Ligonge kidogo kabla ya kuanza kazi, kila mara.

Kupima chuma cha dukani, omba tupa upitishe mara moja kwenye ukingo. Tupa ikiuma kwa shida kidogo, chuma ni kizuri. Ikila kama inakula bati, makali yatajikunja. Ikiteleza kabisa bila kushika, chuma ni kigumu mno na makali yatamegeka. Mengi huuzwa butu, kwa hiyo lazima yanolewe, na hapo mafundi wengi huliharibu shoka kwa mashine ya kusaga. Makali yakigeuka rangi ya buluu, joto limekwisha kuua ugumu wa chuma sehemu ile, na hayatashika tena mpaka buluu yote iondolewe. Noa kwa tupa, malizia kwa jiwe lenye maji. Kwa wakazi wa pwani, chumvi ya hewa haingoji: futa, paka mafuta kidogo, ndipo urudishe kwenye ala.

Nimefika kwenye sheria, na naomba isomwe taratibu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, Sura ya 323, inakataza kukata mti au kuchukua mazao ya misitu ndani ya hifadhi bila kibali. Kibali cha kuingia ni kitu kimoja, kulala ni kingine, na kuvuna ni kingine kabisa. Stakabadhi ya kupiga hema haikupi hata tawi. Wengi wanasema, «Lakini mti ulikuwa umekauka,» au «ulikuwa umeanguka wenyewe.» Mti uliolala ndani ya hifadhi ni zao la msitu sawa na uliosimama, na kwenye misitu ya Usambara gogo linalooza ni makazi ya viumbe ambao baadhi yao hawapatikani kwingine duniani. Katika baadhi ya hifadhi, wananchi wa vijiji vinavyopakana nazo wamepangiwa utaratibu wa kuokota kuni. Utaratibu huo ni wao. Mgeni wa siku mbili hauingii. Mikoko nayo yote ni msitu wa hifadhi, hata ile iliyo nyuma ya kambi yako. Na ukienda Saadani au Mkomazi, uko chini ya sheria ya Hifadhi za Taifa; huko usihesabu kuni za kuokota kabisa.

Ukikamatwa, mambo huenda hivi. Shoka, kuni na hata chombo kilichozibeba vinaweza kuzuiliwa kama vielelezo. Mahakama ikikutia hatiani inaweza kukutoza faini, kukufunga au vyote viwili, na kutaifisha vifaa. Yapo makosa yanayoweza kufifilishwa: unakiri kwa maandishi, unalipa kiasi ulichotajiwa, shauri linaishia hapo. Kufifilisha ni hiari ya mamlaka, si haki ya kudai getini kwa sauti ya juu. Na malipo yoyote yapite kwenye namba ya malipo ya serikali, upewe stakabadhi. Usimpe mtu fedha mkononi, awe amevaa sare au hajavaa.

Njia iliyo rahisi ni kununua kuni kijijini kabla ya geti, za shambani: migrevilea, mikaratusi, matawi ya mikorosho iliyopogolewa. Uliza muuzaji zimetoka wapi. Ukifika getini, taja shoka lako kabla hujaulizwa, waambie na kuni umezinunua wapi.

Barabarani, shoka liwe ndani ya ala na ndani ya begi, kwenye buti la basi. Kanuni ya Adhabu inakataza kutembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kutia watu hofu, na shoka wazi begani stendi ya Kange, Tanga mjini, linatosha kumfanya askari akuulize. Kwenye ndege lipelekwe na mizigo ya chini. Wanaopenda kurudi mjini na magogo mazuri waliyoyanunua kwa wakulima wajue kwamba mazao ya misitu husafirishwa kwa hati ya kusafirishia.