"Cheka tu, utapona": Tunayoambiwa wenye lupasi Tanga

"Usijipe mawazo, cheka, utapona." Utalisikia Ngamiani, utalisikia Makorora, na msemaji ana nia njema. Lakini lupasi haiponi kwa kucheka. Ni maradhi ya kudumu: kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe, viungo, ngozi, hata figo. Moyo mkunjufu husaidia kwa njia nyingine: unaamka, unameza dawa, huikimbii kliniki. Hilo si dogo. Ila maradhi yakipanda, mgonjwa asilaumiwe kwamba hakufurahi vya kutosha.

Dhana inayouma zaidi ni ya kinga. Ukitamka tu "kinga yangu ina matatizo", watu wanashusha sauti. Wameshafika kwenye UKIMWI. Lupasi haiambukizi, si kwa sahani wala kwa kitanda cha ndoa. Na kinga yetu haikupungua, imechachamaa ikakosea adui. Kwa hiyo zile chupa za "kuongeza kinga" wanazotuletea mashangazi si tiba yetu, na baadhi ya mitishamba inaweza kuyaamsha maradhi. Ipokee kwa heshima, kisha mwonyeshe daktari kabla hujaonja. Dawa zetu nyingi hufanya kinyume chake: huituliza kinga. Ndiyo maana homa kwetu si ya kulala nayo nyumbani.

"Prednisoloni inakuvimbisha, iache." Hiyo ni mojawapo ya dawa zetu za kutuliza kinga. Kweli mashavu hujaa, na wapo wanaotupongeza eti tumenawiri! Lakini ukiitumia kwa wiki kadhaa, tezi zilizo juu ya figo hupunguza kutengeneza homoni ambayo dawa hii inashika nafasi yake. Ukikatiza ghafla, presha inaweza kushuka ukaanguka, na watu hufa hivyo. Hupunguzwa kidogo kidogo, kwa maelekezo ya daktari, hata siku unazojisikia mzima kabisa.

Haidroksiklorokwini nayo huitwa "dawa ya malaria". Ni ya ukoo huo, sawa, lakini leo ni nguzo ya tiba ya lupasi. Inataka macho yapimwe mara kwa mara, basi.

"Amerogwa." Hapa pana mtego. Lupasi hupanda na kutulia yenyewe. Ukinywa kombe wiki ambayo ingetulia tu, mganga anapata sifa na vidonge vinatupwa. Dua soma, kombe ukipenda kunywa, vidonge vibaki palepale.

"Mbona unaonekana mzima?" Uchovu huu hauandikwi usoni, na kulala usiku kucha hauuondoi. Kuna siku kukuna nazi moja ni kazi ya kutwa. Atakayekuchukulia mbuzi akakuna yeye amekufariji kuliko mawaidha.

Jua la pwani pia husifiwa kuwa ni afya. Kwa wengi wetu huleta vipele vya mashavuni na maumivu ya viungo. Sokoni twende saa moja asubuhi, mwavuli mkononi. Baibui nalo linasaidia.

Na lile la "hatazaa". Wanawake wengi wenye lupasi huzaa. Madaktari hutaka maradhi yawe yametulia angalau miezi 6 kabla ya mimba, na baadhi ya dawa hubadilishwa mapema kwa sababu humdhuru mtoto. Anayekuja kuposa aelezwe hayo mapema, na mama mkwe awepo asikie.