Kwa nini nyumba ya George Washington si mali ya serikali ya Marekani?

Mgeni anayefika Mount Vernon, jimboni Virginia, aghalabu hudhani ameingia kwenye mali ya umma. Sivyo. Nyumba ya rais wa kwanza wa Marekani ni ya jumuiya isiyotafuta faida, Mount Vernon Ladies' Association, na bodi yake hadi leo ni ya wanawake watupu.

Katika miaka ya 1850 nyumba hiyo ilikuwa mikononi mwa John Augustine Washington III, mtu wa ukoo huohuo, na ilikuwa imechakaa. Paa la baraza linalotazama mto Potomac lilikuwa limeegemezwa kwa milingoti ya meli. Serikali kuu haikuinunua, wala ya Virginia. Mwaka 1853 Ann Pamela Cunningham wa South Carolina aliandika barua gazetini akiwahimiza wanawake wachange. Mwaka 1858 mkataba ukatiwa saini: dola 200,000 kwa jumba na ekari 200. Mzungumzaji mashuhuri Edward Everett peke yake alichangisha karibu dola 70,000 kwa kuzunguka nchini akihutubia. Februari 1860 jumuiya ikakabidhiwa nyumba.

Wengi huondoka bila kujua kwamba kuta zile hazikujengwa kwa mawe. Ni mbao za msonobari. Zilichongwa mifereji ili zionekane kama mawe yaliyopangwa, zikapakwa rangi, kisha zikarushiwa mchanga rangi ikiwa bado mbichi. Hapo muda ndio kila kitu, kwa sababu rangi iliyokwisha kukauka haishiki mchanga. Anayezipaka rangi upya bila mchanga atakuwa amelinda mbao na kupoteza sura aliyoikusudia Washington.

Maradhi makubwa yako chini, mahali ambapo mgeni hapaoni. Nyumba ya mbao hukaa juu ya boriti nene zinazolala kwenye msingi na kubeba fremu yote. Unyevu ulizilainisha, mchwa wakazila. Mafundi wa zamani walipoondoa sehemu zilizooza, waliziba nafasi kwa matofali. Uzito ukabebeka, lakini fremu haikuwa tena imefungwa kwenye msingi, kwani mbao haziungani na tofali kama zinavyoungana na boriti. Upepo mkali ukija, jumba halina kinacholishika miguu. Ndiyo maana mwaka 2023 ulianza ukarabati mkubwa kuliko wote tangu jumuiya ilipoiokoa nyumba hiyo: kutengeneza msingi, kurudisha boriti, kuifunga fremu upya, kuondoa maji chini ya nyumba na kudhibiti unyevu wa hewa ndani.

Kabla ya kuchimbua sakafu ya chumba cha chini ya ardhi, wanaakiolojia walitangulia. Mwaka 2024 walikuta chupa 35 katika mashimo matano ya kuhifadhia vyakula. Chupa 29 zilikuwa nzima, zina cheri na matunda mengine madogo ya karne ya 18. Mafundi wangetangulia wao, ushahidi huo ungevunjika chini ya sululu.

Kufundisha wageni historia ya hapo nako kumebadilika, na kwa maoni yetu hapa ndipo kazi ya jumuiya ilipochelewa zaidi. Mwaka 1799, Washington alipofariki, watumwa 317 walikuwa wakiishi na kufanya kazi hapo. Kati yao 123 walikuwa wake, na wasia wake uliagiza waachiwe huru. Wengine 153 walikuwa wa urithi wa mume wa kwanza wa mkewe Martha. Hao sheria haikumruhusu kuwaachia, na familia nyingi zilizooana kutoka pande hizo mbili zikatenganishwa. Jiwe dogo la kuwakumbuka liliwekwa mwaka 1929. Mnara wenye hadhi ulisubiri hadi 1983.

Tangu mwaka 2014 makaburi yao, ambayo hayana majina, yanatafutwa kwa uangalifu. Udongo wa juu huondolewa taratibu mpaka rangi ya ardhi ibadilike. Shimo lililowahi kuchimbwa na kufukiwa huacha doa la mstatili, kwa kuwa udongo wake ulichanganyika. Doa hupimwa na kuwekwa kwenye ramani. Mifupa haiguswi, na udongo hurudishwa.