BMI yangu imetoka 28.9, ndo nini sasa? Maswali ya watu wa Mtwara

Haya maswali nimeulizwa na watu niliowapima uzito hapa Mtwara mjini, wengi wao akina mama wanaokaanga samaki kule Feri na vijana wanaobeba magunia ya korosho. Nimeyaweka pamoja maana yanajirudia kila siku.

Nimekuja kupima uzito, mbona unanipima na urefu?
Kwasababu kilo peke yake hazisemi kitu, mama. Kilo 70 kwa mtu mrefu kama mlingoti wa jahazi na kilo 70 kwa mtu anayemfikia begani ni habari mbili tofauti. BMI inaangalia kilo zako zinaendana vipi na urefu wako. Aliyeanzisha hiyo hesabu ni Mbelgiji mmoja wa takwimu, Adolphe Quetelet, miaka ya 1830 huko, na wala hakuwa daktari, alikuwa anatafuta tu mtu wa wastani yukoje. Jina la BMI limekuja baadae kabisa, 1972.

Naikokotoaje mwenyewe?
Kitochi chako kina kalkuleta, inatosha. Chukua kilo, gawanya kwa urefu wako wa mita, jibu ulilopata ligawanye tena kwa urefu uleule. Mama mmoja alikuwa na kilo 74 na urefu sentimita 160, yani mita 1.6. 74 gawanya 1.6 unapata 46.25, gawanya tena 1.6 inakuja 28.9. Basi. Wengi wanakosea hapo kwenye urefu, wanaandika 160 badala ya 1.6 afu wanapata sifuri nukta sifuri sifuri wanasema simu mbovu. Na kama unajua urefu wako kwa futi, futi moja ni sentimita 30.48, inchi 2.54.

Sasa 28.9 ni nzuri au mbaya?
Kwa mtu mzima, chini ya 18.5 ni uzito pungufu, 18.5 mpaka 24.9 uko sawa, 25 mpaka 29.9 uzito umezidi, 30 kwenda juu tunaita kiribatumbo. Kwaiyo huyu mama kazidi, ila asikimbilie kujinyima mpaka azimie juani, akipunguza hata kilo 3 au 4 taratibu presha na sukari zinaanza kumshukuru. Kurudi ndani ya mstari angetakiwa afike kama 63 hivi, hiyo ni safari, haiishi mwezi mmoja.

Mimi nabeba magunia, BMI yangu 28, na mimi mnene?
Kaka, hapa ndo BMI inapoboa. Haijui kutofautisha msuli na mafuta, inaona kilo tu. Kuna kijana kama wewe mwili chuma mtupu anaambiwa kazidi, na kuna mzee BMI yake 24, miguu kama fito ila kitambi kinatangulia mlangoni, na huyo mzee ndo ananitia wasiwasi zaidi maana mafuta ya tumboni ndo yanaenda na kisukari na moyo. Mimi namwambia kila mtu achukue futi ya fundi cherehani apime kiuno, mwanamke ikifika sentimita 80 na mwanaume 94 anza kujiangalia. Huna futi? Chukua kamba ya urefu wako, ikunje katikati, zungushia kiunoni, isipofika kuzunguka ujue kiuno kimezidi nusu ya urefu wako, punguza.

Mjamzito na watoto je?
Hapana. Mjamzito BMI inayohesabika ni ya kabla ya mimba au ya mwanzo mwanzo kabisa. Mtoto ana kadi yake ya kliniki yenye mistari, na wa miezi 6 mpaka 59 anapimwa mkono kwa ule utepe wa rangi, ikisoma chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Watu wananisifia nimenawiri, ndoa imenikubali. Nipungue waseme naumwa?
Hili swali ndo gumu kuliko hesabu yenyewe, kwetu pwani mtu akikonda majirani washamuandikia ugonjwa. Ukipungua kwa kutembea na kupunguza mafuta ya kukaangia na soda, waache waseme. Ila ukipungua bila kujua sababu hapo hata mimi nitauliza, nenda ukapime TB, sukari na VVU, usisubiri suruali ianze kudondoka.

Korosho zinanenepesha?
Gramu 100 zina kalori kama 550, na gramu 100 zinaisha ukiwa unapiga stori tu barazani. Chota kiganja kimoja, mfuko urudishe ndani.

Mzani wa korosho pale chama cha msingi unafaa kujipimia?
Unafaa, mjomba, ilimradi uanze kwenye sifuri na karani akubali. Vua viatu, toa simu na funguo mfukoni, na mwezi ujao urudi kwenye mzani huohuo.