Kusasisha ni nini hasa, na mbona skrini ya kuingilia imepotea?

"Anko, mimi nilisasisha tu." Ndivyo alivyoniambia mpwa wangu kwa simu kutoka Kasarani, laptopu yake ya Ubuntu (mfumo endeshi wa ukoo wa Linux) ikiwa imebaki skrini nyeusi na neno "login" juu kushoto. Wiki hiyohiyo fundi mmoja wa Luthuli Avenue alikuwa ameniambia maneno yayo hayo kuhusu mashine ya mteja. Nikaona neno hili limebebeshwa mizigo miwili, heri tulitue mmoja.

Maana kwanza, tusikawie. Kusasisha ni kufanya kitu kiwe cha sasa. Katika Ubuntu, Debian na jamaa zao, amri ya sudo apt update (sudo ni ruhusa ya msimamizi, apt ni chombo cha kusimamia pakeji) husasisha orodha ya pakeji, yaani mafurushi ya programu, zilizoko kwenye maghala ya mtandaoni. Orodha tu. Inayopakua pakeji zenyewe na kuzisakinisha ni sudo apt upgrade. Basi.

Sasa litazame neno lenyewe. Ni "sasa" na kiambishi -isha, kama vile "imara" ilivyozaa imarisha na "hakika" ikazaa hakikisha. Neno zuri, wala sina ugomvi na aliyeliunda. Lakini kitenzi cha namna hii hudai shamirisho. Ukiniambia umeimarisha, nitakuuliza ni ukuta au ni ndoa. Ukisema umesasisha, hakuna anayekuuliza umesasisha nini, kana kwamba kompyuta nzima ni kitu kimoja cha kupigwa pasi. Simu ndizo zilizotuzoesha: unabonyeza "sasisha", programu mpya inaingia, mambo yamekwisha. Ukija na mazoea hayo mbele ya apt, utaendesha amri ya kwanza na kushangaa mbona hakuna kilichobadilika, au utaendesha ya pili ukidhani ni ya kwanza.

Wako wanaokimbilia "kuboresha" kwa hiyo amri ya pili. Hapo nakataa. Bora ni hukumu, na hukumu hutolewa baada ya kuwasha mashine upya. Kerneli mpya, yaani kiini cha mfumo, yaweza kuja, moduli ya Nvidia (kipande kinachoendesha kadi ya picha) isijengwe upya kwa kuwa faili za kuijengea hazipo, nawe ukaambulia giza mahali ulipozoea kuandika nywila. Nani atathubutu kuita hayo kuboresha? Mimi husema kupandisha. Toleo limepanda, habari za ubora tutazungumza kesho.

Aliyedamka kwenda Marikiti kuuliza bei ya nyanya bado hajanunua nyanya. Hiyo ni apt update. Na anayetembea na bei za mwezi jana ndiye anayepata lile kosa la 404 kwamba pakeji haipo: orodha iliyo kwenye mashine yake, ndani ya /var/lib/apt/lists, inataja toleo ambalo ghala limeshaliondoa na kuweka jingine. Huyo kweli anahitaji kusasisha, na ni dawa ya dakika moja. Isipokuwa kama toleo lake la Ubuntu limepitwa na muda. Yale yasiyo ya LTS (matoleo ya kutunzwa muda mrefu) hutunzwa kwa miezi 9 tu, kisha pakeji zake huhamishiwa old-releases.ubuntu.com, na hapo utasasisha hadi bando liishe usipate kitu, mpaka ubadilishe anwani ya ghala au upandishe mfumo mzima.

Nikiri kwamba watu hawakosei bure. Kwenye Fedora, Linux ya ukoo mwingine inayotumia dnf badala ya apt, dnf update na dnf upgrade ni amri moja yenye majina mawili. Aliyelelewa huko ana udhuru.

Mpwa wangu hana, maana hajawahi kuiona Fedora. Nilimwambia aandike jina lake na nywila palepale kwenye skrini nyeusi. "Anko, kibodi imekufa." Haikufa. Kwenye skrini ya maandishi, nywila haionekani ukiiandika, hata nukta. Alipoingia nikamwagiza asome /var/log/apt/history.log. Faili hiyo hurekodi kila pakeji iliyosakinishwa, iliyopandishwa au iliyoondolewa. Apt update haiachi hata alama humo, kwa sababu haikugusa pakeji yoyote. Ya kwake ilikuwa na orodha ndefu ya upgrade ya usiku uliopita, yenye Start-Date na bila End-Date.

Stima ilikuwa imepotea, na betri ya laptopu hiyo ilikufa zamani. Lingekuwa ni bando limeisha katikati ya kupakua, pasingeharibika kitu, kwani apt hupakua zote kwanza ndipo ianze kusakinisha. Lakini giza lilimkuta pakeji zimefunguliwa na hazijasanidiwa (hazijawekwa tayari kwa kazi), mojawapo ikiwa gdm3, programu inayochora skrini ya kuingilia. Yeye alilia kwamba kompyuta imefutika. Nyumba ilikuwa nzima, vyombo vyote ndani. Aliyekosekana ni soja wa getini.

Aliandika sudo dpkg --configure -a ili kazi iliyokatika imaliziwe, kisha sudo apt --fix-broken install kwa pakeji zilizokosa wenzao wa kutegemea. Akawasha upya. Jioni akanitumia ujumbe: "Asante anko, ile sasisho imekubali."

Nikamjibu: Sasisho lilikubali tangu jana, mama. Kilichokuwa kimekwama ni kupandisha.